Ngata ya Lomuria

Nikisema baba yangu alikuwa kuli wa gatini, watu huniuliza kama ilikuwa Mombasa au Kisumu. Nikijibu kwamba ilikuwa Turkana, hunitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Wanadhani kwetu ni mchanga na mbuzi tu. Basi wacha niwaambie: tulikuwa na gati letu Kalokol, kando ya ziwa ambalo serikali ililiita Rudolf mpaka ilipochoka, na baba yangu, Lomuria, alipakia na kupakua mizigo pale karibu miaka yote ya sabini. Alifanya kazi hiyo kwa kichwa chake. Sisemi kwa akili, ingawa alikuwa nazo. Nasema kichwa chenyewe, utosi, na kwa kichwa hicho nusura nimpoteze baba.

Gati halikuwa la kuringia. Zilikuwa mbao ndefu juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye matope, na ukikanyaga vibaya unaingia majini na viatu vyako. Mashua zilileta samaki waliokaushwa, makuli wakabeba magunia mpaka kwenye lori, na lori likaja Lodwar, ambako sisi tulikaa mtaa wa Kanamkemer, kabla ya kuendelea hadi Kitale. Baba aliondoka na lori mwanzo wa wiki na kurudi nalo mwisho wa wiki, akinuka samaki hivi kwamba paka wa mtaa mzima walimsindikiza mpaka nyumbani. Mama yangu, Akuwam, alimzuia mlangoni na kumwagia maji kwanza.

"Hata samaki wenyewe hawaoshwi hivi," baba alilalamika kila mara.

"Samaki hawalali kwangu," mama alimjibu.

Nyapara wa gati alikuwa Mzee Opondo, Mjaluo aliyezeekea kwenye gati la Kisumu kabla ya kuletwa huku. Alikuwa na tumbo kubwa na sauti kubwa, na moyo uliovishinda vyote viwili, lakini siku ya kwanza hakuna aliyeuona huo moyo. Aliwapanga wanaume mbele ya magunia akapaza sauti, "Haya, gunia kichwani, twende!" Hakuna aliyesogea.

Ni lazima mjue jinsi wanaume wale walivyokuwa. Nywele zao zilikandikwa udongo, zikapakwa rangi, zikachomekwa unyoya wa mbuni. Mtu mwenye kichwa cha namna hiyo hulala shingo ikiwa juu ya kigoda chake cha mti, asije akaiharibu kazi ya siku nzima. Sasa mgeni anamwambia aweke gunia la samaki juu yake! Na hata bila udongo, kwetu mzigo wa kichwani ni wa mwanamke. Mwanamume hubeba fimbo na kigoda, basi, na hivyo viwili vikimlemea humpa mkewe kigoda. Opondo hakuyajua hayo. Aliwaona wavivu, akafoka mpaka koo likamkauka. Wao, kwa nia njema kabisa, wakaenda kumletea punda.

Punda walitembea vizuri mpaka mwanzo wa mbao. Walipoona maji yanapita chini ya kwato zao, wakagoma. Mmoja alisukumwa, akateleza, akaingia ziwani na magunia yake, na Mzee Opondo akalaani kwa lugha zote alizozijua. Baba alipenda sana kutusimulia habari za punda yule. Kila mwaka punda alizidi kunenepa, na magunia mgongoni mwake yakazidi kuongezeka.

Waliookoa kazi ni wanawake. Nakiru, aliyekuwa akipara samaki pale ufukweni, alisokota kitambaa kuwa ngata, akaiweka utosini, akainua gunia na kutembea juu ya mbao akiimba. Wenzake wakamfuata. Wanaume wakabaki kukokota mashua na kutoa ushauri. Baada ya siku chache baba yangu alikwenda kuketi mbele ya Nakiru, akamwambia, "Ninyoe."

Nakiru alidhani anatania. Baba akamwambia hatanii.

Sababu ilikuwa mimi. Ukame ulikuwa umemmalizia mifugo, na bila mifugo alikuwa hajamwoa mama kikamilifu. Kwetu ndoa haitimii mpaka mume apeleke mifugo kwa wakwe, kisha amchome mkuki ng'ombe dume wa harusi mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo watoto ni wa baba yake mke. Kwa hiyo mimi, Abei, niliyelala kila usiku katikati ya Lomuria na Akuwam, nilikuwa mtoto wa Babu Ethuro wa Kakuma. Angeweza kuja siku yoyote kunichukua, na hakuna mzee ambaye angemlaumu.

"Nywele zitaota," baba alimwambia Nakiru wakati udongo ukimwanguka mapajani. "Mtoto akishachukuliwa, ndiyo basi."

Nakiru alichana kipande cha shuka kuukuu ya baba mwenyewe akamsokotea ngata. Baba alibeba mizigo kwa ngata ile miaka yote, akiikaza upya ikilegea na kuifua Jumamosi. Unyoya wake wa mbuni aliuweka ndani ya mkebe wa majani ya chai. Nilikuwa nikiufungua mkebe kwa siri na kuunusa unyoya, nikasikia harufu ya chai tu.

Habari hazihitaji lori. Zilifika Kakuma upesi kwamba mume wa Akuwam amenyoa kichwa na anabeba mizigo utosini pamoja na wanawake. Babu alitema tumbaku chini na kusema mbele ya wazee wenzake, "Kumbe binti yangu anaishi na mwanamke mwenziwe." Maneno hayo yalirudi Lodwar haraka vilevile. Mama alilia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Baba alikula chakula chake, akaosha mikono, na lori lilipoondoka akaondoka nalo.

Kila alipopata mshahara alinunua mbuzi. Mbuzi walipozaana aliwabadilisha kwa ndama. Aliwaweka kwa rafiki yake kule Longech, ule ulimi wa mchanga ulio ng'ambo ya ghuba, ambako majani yalipatikana karibu na maji. Miaka ilipita hivyo. Mimi nikaanza shule, nikajifunza kuandika jina langu, na mwalimu aliponiuliza jina la baba nikaandika Lomuria. Sikumwuliza mtu.

Mwaka wa sabini na sita Babu Ethuro alikuja. Alishuka kwenye lori kutoka Kakuma akiwa na fimbo yake, kigoda chake na kichwa chake cha udongo kilichokandikwa upya, unyoya umesimama wima. Msimdhanie kuwa mtu mbaya. Aliniletea maziwa kwenye kibuyu, akanishika kidevu, akanichekea kwa meno machache aliyobakiza. Nilimpenda sana. Kisha akamwambia mama, "Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Nyumbani kuna mbuzi na hakuna wa kuwachunga."

Nilijificha nyuma ya mlango na kibuyu chake mkononi.

Mama alimsihi aone mifugo kwanza. Babu akasema sawa, ataona, asije akaambiwa hakuona. Mama alibaki, na kesho yake babu na mimi tulimfuata baba Kalokol juu ya lori tupu, mimi nikiwa na kifurushi cha nguo zangu, maana babu alisema hatarudi kunitafuta mara ya pili.

Alikuwa hajapanda mashua maisha yake yote. Aliweka kigoda chake katikati, akakalia, akashika ubao mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono ule, akafumba macho. Mzee Opondo aliyekuwa gatini alimwita, "Mzee, fungua macho! Mashua haiumi!" Baba alipiga kasia, na ngata yake imefungwa kiunoni kama kawaida.

Huko Longech babu aliwakagua wanyama mmoja mmoja. Aliwafungua midomo, akawapapasa nundu, akawazunguka tena tangu mwanzo. Wengi walikuwa wazuri, na dume mwekundu alikuwa mzuri kupita wote. Nilimwona babu akimtazama dume yule jinsi watu wanavyotazama chakula wakiwa na njaa. Nikaanza kupumua.

"Wanyama ni wazuri," alisema mwishowe. "Lakini wamepatikana kwa kichwa cha mwanamke. Nikiwapeleka Kakuma, watu watauliza nimemwoza binti yangu kwa nani. Mtoto ataondoka na mimi."

Nilimgeukia baba. Nilitaka apige kelele, agombane, afanye lolote. Aliinama tu akamsugua dume mwekundu masikioni. Nilimkasirikia, na bado kidogo namkasirikia, ingawa sasa najua mtu hawezi kugombana na mkwewe na bado akampata binti yake.

Tulianza kurudi. Upepo wa mchana ulikuwa umeyasukuma maji mbali na upande wetu, na mashua ikakwama kwenye matope kabla hatujafikia gati. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Siku kama hizo makuli huingia majini na kubeba kila kitu mpaka nchi kavu, magunia na abiria pia. Baba aliruka chini, maji yakamfika mapajani, akamgeuzia babu mgongo.

"Panda, mzee," alisema.

"Nitatembea," babu alisema. Alichungulia maji. Yalikuwa ya rangi ya matope, na kila mtu alijua mamba hupumzika karibu na magogo ya gati. Akatia mguu mmoja, ukazama mpaka gotini, akautoa haraka. "Nitasubiri," alisema.

Alisubiri. Jua lilikuwa kali, na udongo wa kichwani mwake ukaanza kupata nyufa. Baba alisimama palepale, mgongo umegeuzwa, bila kumhimiza. Gatini wanawake waliacha kazi ili waone vizuri. Hatimaye babu alivuta pumzi, akakumbatia kigoda chake, akampanda baba mabegani.

"Lomuria!" Nakiru alipaza sauti. "Usimwangushe, huyo si gunia!"

Baba alitembea polepole, akipapasa chini kwa nyayo. Babu alikuwa juu kabisa, unyoya wake ukipepea, mkono mmoja umeng'ang'ania kipara cha baba. Walipofika nchi kavu baba alipiga magoti, babu akashuka mkavu kabisa, akasimama akinyoosha shuka yake kwa heshima zote. Hapo ndipo wanawake walipopiga vigelegele.

"Ejok, mzee!" Nakiru alimsalimu, mikono kiunoni. "Mama yako ana nguvu kweli kweli! Amekubeba vizuri, hata hukulia!"

Gati lote liliangua kicheko. Nilimwona babu akigeuka huku na huku. Alikuwa mtu mwepesi wa kufikiri, na alilielewa jambo lile mara moja. Ikiwa aliyembeba ni mwanamke, basi yeye, Ethuro, mwenye unyoya wa mbuni, alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, na watu wote waliona. Akapiga fimbo yake chini.

"Mama gani?" alifoka. "Huyu ni mwanamume! Mimi nimebebwa na mwanamume!"

Mzee Opondo, ambaye Kiturkana chake hakikuvuka salamu, alimwuliza Nakiru, "Amesema nini?"

"Amesema Lomuria ni mwanaume."

"Ah!" Opondo alisema, akimpa babu mkono. "Hiyo sisi tulikuwa tunajua siku mingi. Lakini asante, mzee. Umesema, na sisi yote tumesikia."

Babu alitazama ule mkono, akaushika. Halafu akawatazama wanawake, na ile midomo yake ikaanza kucheza. Alijaribu kukaza uso lakini akashindwa. Alicheka mpaka kipande cha udongo kikamdondoka sikioni, akaomba tumbaku, na Nakiru akampa yake.

Harusi ilifanyika Kakuma baada ya mvua. Baba alimchoma mkuki yule dume mwekundu, unyoya wa mkebeni ukiwa umefungwa kwa uzi kwenye kipara chake, na watu walikula mpaka wakalala walipokaa. Mama huisimulia siku hiyo kwa kirefu, na hachoki. Ni haki yake. Mimi nina yangu, na yangu ilikuwa imekwisha kufanyika pale majini.

Maana katika vicheko vile vyote, watu walinisahau. Nilikuwa bado ndani ya mashua na kifurushi changu. Baba ndiye aliyekumbuka. Alirudi majini hatua chache, kisha akasimama, akageuka kumtazama mkwewe, kwa sababu kwa sheria yetu mzigo ule uliobaki haukuwa wake.

"Mzee," aliuliza kwa upole, "na huyu?"

Babu alikuwa akijaza tumbaku shavuni. Alinitazama kwa muda, halafu akamtazama yule mwanamume mwenye kipara, aliyelowa mpaka kiunoni.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mchukue mtoto wako."

Baba alikuja akaegemea mashua. Alifungua ngata kiunoni, akaikaza vizuri, na badala ya kuiweka utosini kwake akaniwekea mimi kichwani. Kisha akaninyanyua mabegani, nami nikafika nchi kavu nikiwa nimeivaa, nikimkaba shingo kwa nguvu hivi kwamba aliniomba nimwache apumue.