Kengele ya Nkwantabisa

Kwaku Nsiah amekuwa akipiga mbiu ya mji wa Nkwantabisa tangu kabla chifu wa sasa hajakalia kigoda. Akigonga kengele yake ya chuma kwenye njia panda, wauza pilipili hunyamaza. Hukumu ya baraza la chifu haishiki mpaka aitangaze yeye.

Hukumu hizo zina ngazi. Aliyekaripiwa huleta kondoo, akaomba radhi, yakaisha. Aliyeshutumiwa hakanyagi tena barazani. Aliyetengwa hasalimiwi, hauziwi hata chumvi, haziki wala hazikwi.

Mwaka jana baraza lilimtenga Birago, dada yake Nsiah. Alikuwa amesema hadharani sokoni kwamba chifu ameuza kijito kwa wachimba dhahabu. Maji yalikuwa mekundu. Kila mtu aliyaona. Nyumbani kwa Birago alilala mama yao, mgonjwa asiyekubali uji wa mahindi ila kwa mkono wa binti huyo.

Kwenye njia panda ya kwanza, Nsiah alitangaza kwamba Birago amekaripiwa.

"Karipio tu?" muuza ndizi alimtania. "Mzee Nsiah, na ule mdomo wote wa dada yako? Huyo kondoo ana kazi kweli."

Watu wakacheka. Njia panda ya pili akatangaza vilevile. Ya tatu alimkuta msemaji wa chifu, ameegemea fimbo yake.

Msemaji hakugomba. Alimuuliza kama naye anataka kutengwa, na kama ni hivyo, mama yao atazikwa na nani.

"Kengele ni ya chifu, bwana. Chako ni mkono tu," alisema. "Rudi ulikoanzia."

Nsiah akarudi. Safari hii, aliposikia neno lenyewe, muuza ndizi alifunika ndizi zake, akatazama chini.

Mbiu ya mwisho hupigwa mlangoni kwa mhusika. Birago alitoka na bakuli la uji mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, ingia kwanza," akasema. "Mama leo amekutaja jina."

Mpiga mbiu ndiye wa kwanza kufungwa na tangazo lake. Nsiah alitia kengele kwapani, akaondoka.

Jioni ile wazee wa baraza walimhamishia mama kwa Nsiah. Mkewe alimpelekea uji. Mama akafumba mdomo. Hakumaliza wiki.

Nsiah alipita kila njia panda kutangaza msiba. Kwa Birago hakupiga hodi. Alisimama barabarani mbele ya mlango uliofungwa, akagonga kengele kwa nguvu kuliko kwingine kote, kisha akaendelea na njia.