Glasi ya Mdogo Wangu

Kutoka usiku katika mji usio wangu nilijifunzia Lusaka, enzi nilipokuwa navuka mpaka wa Tunduma na magunia ya mchele wa Kyela. Sikuwa mtu wa kujifungia gesti. Nilipenda rumba, kuku wa kuchoma na bia moja baridi, na nilivifurahia vyote kwa sababu sikumwamini mtu. Bia yangu ilifunguliwa mbele ya macho yangu. Nilikunywa kwenye chupa, na nikishaiweka chini kidole gumba kilikaa juu ya mdomo wake. Nikienda chooni, kilichobaki mezani sikukirudia. Na nilikaa pale ambapo ningeona mikono ya watu wote, maana uso unaweza kufundishwa kutabasamu.

Hilo la mikono lilitokana na mwenzetu mmoja wa Mbozi. Wanaume wawili walimkaribisha mezani kwao. Mmoja akawa anagonga meza kwa kiberiti, taratibu, kama anafuata muziki, na kila akigonga yule wa pili alimwongezea mwenzetu kinywaji. Tulimkuta asubuhi nyuma ya baa, hana viatu, hana pasi, anaulizwa jina la dada yake analitafuta. Alipona, lakini Lusaka hakwenda tena.

Baadaye biashara ya nguo ikanifikisha Guangzhou, Uchina, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Waafrika wa mtaa wa Sanyuanli tulipokuwa wachache kiasi cha kusalimiana barabarani bila kujuana. Safari moja nilikwenda na mdogo wangu wa kike. Kwetu mimi ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha shule darasa la sita nikashika sufuria. Huyu nilimbeba mgongoni. Sasa alikuwa mwanamke mzima, na nilitaka safari zinazofuata aje peke yake, mimi nibaki dukani Mbeya. Lakini kwanza nilitaka kuona kama anaweza kukaa katika mji ule bila mimi na akarudi mzima. Hilo ndilo nililomchukulia, si kubeba mabegi.

Wiki haijaisha akaniletea Mkongo. Walikutana soko la Shahe, kwenye fulana za jumla. Alitoka Lubumbashi, alijua Kifaransa na Kichina cha sokoni, na shati lake lilikuwa limenyooka katika joto lililokuwa likituchuruzisha jasho sisi wote.

"Bonjour, yaya," akaniamkia kama dada mkubwa wa kwao. "Laoban yangu wa jinzi anatualika kula. Kuko na karaoke. Njoo na mudogo yako."

Laoban ni bosi. Nilimuuliza huyo Mkongo maswali yangu, akaenda zake akisema atatufuata jioni.

"Dada, umemhoji kama polisi," mdogo wangu akasema.

"Sijamhoji. Nimemuuliza anasali wapi, analala wapi, na anacheka nini."

"Na amejibu."

"La mwisho hajajibu."

Nilikubali kwa sababu nilitaka kumwona mdogo wangu akiwa mahali pa namna hiyo nikiwa bado nipo.

Tulikwenda kula upande wa Kangle, karibu na vyerehani vya huyo bosi. Tukaingizwa chumba cha peke yetu chenye mlango unaojifunga wenyewe. Hilo sikulipenda. Juu ya meza kulikuwa na kioo kinachozunguka: unaweka kitu mbele yako, ukigeuka kimeshafika kwa mwingine. Hilo sikulipenda zaidi. Bosi alikuwa mtu mfupi, mashavu mekundu, akituchekea kwa furaha. Pombe ililetwa kwenye birika dogo la kioo, nyeupe kama maji. Chupa yake sikuiona.

Bosi akammiminia Mkongo. Mkongo, huku akiongea na mdogo wangu na bila hata kutazama, akagonga meza kwa vidole viwili. Mara mbili, polepole. Bosi akatabasamu, akahamia kwenye glasi ya mdogo wangu.

Nikakikumbuka kile kiberiti cha Lusaka. Kutoka tusingeweza, mlango ulikuwa nyuma yao. Kupiga kelele, nani angenielewa? Nikaichukua glasi ya mdogo wangu, nikaimaliza kwa mkupuo. Kama kuna kitu ndani, kiingie kwangu.

"Ganbei!" bosi akapiga makofi. Hilo nililijua: maliza yote. Akaijaza tena glasi ile ile. Kumbe kwao glasi tupu inaomba.

Nikainywa tena. Akajaza. Mkongo kila akimiminiwa anagonga vidole, nami kila nikivisikia nanyoosha mkono.

"Dada, unafanya nini?" mdogo wangu akaninong'oneza.

"Kula chakula chako."

"Unakunywa glasi yangu."

"Nimesema kula."

"Yaya, kunywa mupole," Mkongo akasema. "Hii haiko maji."

"Wewe umejuaje kuna nini ndani?"

"Ni pombe, yaya. Ndani mule muko pombe."

Bosi alikuwa amenipenda kabisa. Nadhani alikuwa hajawahi kukutana na mwanamke anayenyakua glasi ya mwenzake na kuimaliza. Akanipa kipaza sauti, nikaimba pambio la kwaya yetu juu ya wimbo wa Kichina, huku jicho langu likiwa kwenye mikono ya Mkongo, ambayo kwa wakati huo nilikuwa naiona minne.

Mdogo wangu ndiye aliyesimama. Alifunika glasi zetu zote mbili kwa viganja vyake, akamwambia bosi kwa Kichina alichookota sokoni kwamba hatutaki zaidi, akacheka naye, akainama kidogo kumshukuru. Nje akasimamisha teksi. Kabla ya kupanda alisoma namba ya gari kwa sauti ili dereva asikie, akampa kadi ya hoteli yenye maandishi ya kwao.

"Ngoja niwasindikize," Mkongo akasema.

"Asante, kaka. Dada yangu nampeleka mwenyewe."

Akafunga mlango.

Asubuhi alinipeleka mgahawa wa chai wa jirani, kichwa kinaniuma hadi kwenye meno. Palijaa wazee wa pale na magazeti yao. Mmoja akamiminiwa chai, akagonga meza kwa vidole viwili. Kwenye meza nyingine, hivyo hivyo. Nyuma yetu, hivyo hivyo. Nikamshika mdogo wangu mkono.

"Unaona? Wako wengi."

"Wengi wa nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Dada, ni asante. Ukimiminiwa unagonga. Wauzaji wa Shahe ndio walionifundisha, niliwauliza. Jana hata mimi nilikuwa nagonga. Wewe unainyakua glasi, mimi namshukuru mzee wa watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje kama unaogopa vidole?"

Sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba amekaa mji ule siku chache tu, na tayari anajua wanachosema bila kufungua mdomo. Na jana, mimi mlinzi nilipolewa, yeye alinitoa mle bila kumuudhi mtu, na Mkongo na shati lake lililonyooka akabaki barabarani. Sikuwa na la kungojea tena.

Safari iliyofuata alikwenda peke yake. Nilimsindikiza stendi ya Mbeya.

"Usitoke usiku," nikamwambia.

"Nitatoka, dada. Nitacheza muziki."

"Basi vaa viatu vya kukimbilia."

Akanikumbatia, akapanda basi. Kondakta aliyempokea begi alikuwa mpole kupita kiasi. Nilimkazia macho mpaka basi likaondoka.