Kiazi Ndani ya Chasi

Bisibisi ya mkaguzi iliingia kwenye chasi ya jipu yangu mpaka mpinini. Hakuisukuma kwa nguvu, naapa. Aliigusisha tu, ikazama. Tulikuwa wawili chini ya gari, ndani ya shimo la kituo cha ukaguzi, kwa sababu nilikataa kukaa kwenye benchi pamoja na wenye magari wengine. Gari ni langu, aibu yake naiona mimi kwanza. Kijana wa watu aliichomoa bisibisi yake, akaipangusa kwa kitambaa, akaniambia kwa upole unaoudhi kuliko matusi:

"Mama, hii imekufa. Iache ipumzike."

Ilikuwa mara ya pili kufeli. Mara ya kwanza walikuta ufa nyuma ya kibanda cha dereva, nikamtafuta fundi wa kando ya barabara akabandika kipande cha bati, nikarudi nikitabasamu. Sasa tabasamu lilikuwa limekwisha.

Mume wangu alinisubiri nyumbani. Yeye ni mtu wa ofisi, alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama mashati yake. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, nikikasirika lugha zote zinatoka kwa pamoja. Siku hiyo hakunigombeza. Alinikumbusha tu makubaliano yetu, au tuseme makubaliano yake, maana siku jipu ilipofeli mara ya kwanza nilinyamaza na yeye akahesabu kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Jipu ikifeli mara ya tatu, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Na mimi nakwenda kukaa katika duka la rafiki yake karibu na soko, nyuma ya kaunta, niuze sabuni na mafuta ya kujipaka.

"Kuna kivuli, mama watoto," alisema. "Kuna kiti. Utapumzisha mgongo."

Mgongo wangu haukuwa umemwomba kitu. Nilimjibu kwamba nikikaa nyuma ya kaunta mwezi mmoja, wateja watanunua sabuni ya kuoshea maiti yangu. Alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa kweli.

Lazima nieleze kazi yangu. Nanunua viazi kwa wanawake wa mashamba ya juu, Bugeshi, chini ya volkano kabisa, ambako asubuhi ya kiangazi mtu anavaa koti. Njia ya kufika kwao ni mawe matupu, na mvua ikinyesha malori hayathubutu. Jipu yangu inathubutu. Ni kuukuu, ina bodi ya wazi nyuma na kiti kimoja kirefu mbele, na niliinunua kwa jasho langu, gunia kwa gunia. Wanawake wale wananiuzia kwa sababu nafika. Nisipofika, viazi vyao vinakaa mpaka vinaota macho. Kwa hiyo jipu ilikuwa ndiyo miguu yangu, na mtu hapeleki miguu yake kwa mnunuzi wa chakavu kwa sababu imepata vidonda.

Nikaipeleka kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea hapa hapa Gisenyi, mwenye Kiswahili cha Goma. Sikuwa nimempelekea kabla kwa sababu ya kiburi. Yeye ana tabia ya kusema ukweli mbele za watu. Alilala chini ya gari, akagonga mara moja, akatoka.

"We shemegi, nani alipaka hii gudroni?"

"Mimi mwenyewe," nikajibu, kifua mbele.

Ilikuwa fahari yangu. Kila mwaka kabla ya ukaguzi nilitafuta lami iliyobaki kwa watengeneza barabara, nikaichemsha kwenye sufuria iliyotoboka, nikaipaka chasi yote kwa burashi ya katani mpaka ikang'aa. Huku kwetu mvua inapita kwenye moshi wa volkano kabla ya kutufikia, na mabati ya Bugeshi yanatoboka mtoto wa nyumba hajamaliza shule ya msingi. Nilijiambia chuma changu nimekivalisha koti la mvua. Nikiinama kuitazama chasi ile nyeusi nilimwona mwanamke anayejua kutunza vitu vyake.

Shemeji alichukua patasi na nyundo. Lami ikabanduka vipande vipana kama sahani, na kila kipande kikatoka na ngozi ya chuma. Kisha akafika penye tundu la pembeni, akachokora, na udongo ukaanza kumwagika. Udongo mweusi wa Bugeshi, mbichi, kama umechimbwa asubuhi ile. Ulikuwa umeingia safari baada ya safari pamoja na magunia, ukajaa ndani ya chasi, na mimi kila mwaka niliziba matundu kwa lami ili maji yasiingie. Maji yalikuwa tayari ndani. Niliyafungia mlango yasitoke.

Halafu kikadondoka kiazi. Kidogo, ukubwa wa yai la njiwa, kimeota chipukizi jeupe refu kama kidole.

Shemeji alikiokota, akakiinua juu ili karakana nzima ikione. "Aisee! Batu bote bakuye kuangaliya! Shemegi yangu iko nalima birayi ndani ya chasi!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mpaka leo kuna wanaoniita Shamba. Mimi nilikasirika, nikatafuta wa kumlaumu, nikamlaumu fundi wa kando ya barabara, nikalaumu volkano, nikamlaumu hata mume wangu ambaye hajawahi kugusa lami maishani. Kisha nikakaa juu ya tairi na kulia. Jipu yangu haikuuawa na miaka wala na mawe. Niliiua mimi, kwa burashi, huku nikijisifu. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha kwa miaka yote hiyo.

Shemeji alinionea huruma, akapunguza sauti. Tuliipima chasi, mimi na yeye, kwa kamba: kutoka pembe ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, kisha pembe nyingine. Kamba hazikulingana. Chasi ilikuwa imepinda upande, ndiyo maana mlango wa dereva nilikuwa naufunga kwa teke.

"Bon. Miye siwezi kukudanganya," alisema. "Kubandika juu ya kubandika, hapana. Tunatosha bodi yote, inabaki chasi tupu, tunakata penye kuoza, tunanyoosha, tunatia chuma mupya. Donc inaomba kuinua. Na mi siko na mashine ya kuinua."

Sikuwa nayo pia. Nilipanda Bugeshi kwa pikipiki kuwaambia wanawake wangu ukweli: kwamba bodi lazima iinuliwe na hatuna mashine, kwamba sitafika kwa wiki kadhaa, na pengine sitafika tena. Mmoja wao alisikiliza huku akimenya, akaniuliza swali moja tu, kwamba hiyo bodi ina uzito wa watu wangapi. Nikamwambia labda wanne, labda watano wanene. Akaitikia kwa kichwa, tukazungumza mambo mengine.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kazi za umuganda, zile za kijamii za kila mwezi, zilipokwisha na barabara kufunguliwa, lori la viazi lilisimama mbele ya karakana. Wakashuka wanaume kumi na wawili wenye miti ya mikaratusi mabegani. Niliwatambua. Ni wale wa kikundi cha ingobyi, machela ya kilima chao, wanaombeba mgonjwa mabegani mpaka penye gari. Mara nyingi gari hilo lilikuwa langu. Tulikutana pale mawe yanapoanza kupungua, wao wakiwa wamelowa jasho, mimi nikipanga magunia upya ili mama mja mzito apate pa kulala. Sikuwahi kuona kuwa ni jambo la kukumbukwa. Ungefanya nini, umpite?

Shemeji alianza kuwapa maelekezo. Mkuu wao, mwanamume mfupi mwenye maneno mengi, akamnyamazisha. "Fundi, wewe jua chuma. Kubeba tunajua sisi."

Walijipanga, warefu upande ulioinama na wafupi upande ulioinuka, wakapitisha miti chini ya bodi, wakafunga kamba za migomba. Nilitegemea wimbo. Hawakuimba. Mkuu alinieleza baadaye kwamba anayebeba mgonjwa haimbi, anahesabu pumzi. Walivuta pumzi pamoja, na bodi ya nyuma ikapaa. Nasema ikapaa. Kisha kibanda cha mbele, pamoja na usukani na kiti chake kirefu, kikapaa nacho, kikatembea hatua kumi na kukalishwa juu ya mapipa taratibu mno, kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Nilipiga kelele nikaruka kama msichana. Chasi ilibaki peke yake chini, uchi, imeoza, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuifunika.

Wiki zilizofuata nililala chali juu ya katoni nikisugua kutu kwa burashi ya waya. Vidole vilichubuka, kutu iliingia hata masikioni. Shemeji alikata sehemu ya nyuma yote, akaweka chuma kipya, na kila kiraka alikichonga ncha mbili kama samaki. Alisema kiraka cha mraba kinavunjika penye mstari wake. Alinyoosha chasi kwa minyororo na jeki, sentimita kwa sentimita, mpaka kamba zetu mbili zikalingana. Na matundu yote aliyaacha wazi, akayapulizia mafuta mepesi ndani. "Chuma kinaomba kupumuwa," alinionya. "Nikikuona tena na gudroni, mi naita dada yako."

Mume wangu alipita siku moja akitoka kazini. Alichungulia chini, akaona miguu yangu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akaniletea sambusa na chai, akakaa juu ya pipa mpaka nikamaliza. Kuhusu duka hakusema lolote, lakini hakusema pia kwamba ameghairi.

Siku ya ukaguzi wa tatu nilimkuta getini. Pembeni yake alisimama mnunuzi wa vyuma chakavu, amekuja na mnyororo wake wa kuvutia.

"Ni ili tusipoteze muda," mume wangu alisema, macho chini.

Niliwapita wote wawili. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuendeshea gari bila mafuta. Nikaingia.

Mkaguzi alikuwa yule yule. Alinitazama, akaitazama jipu, akashuka shimoni na bisibisi yake, na mimi nyuma yake. Akachoma pale pale alipochoma mwanzo. Bisibisi iliteleza. Akachoma kando. Ikateleza. Akatoa nyundo ndogo, akagonga kuanzia mbele mpaka nyuma, na chuma kikamjibu kwa sauti nzima kila pahali. Moyo wangu uligonga pamoja naye. Akapima, akamulika matundu kwa tochi, akaingiza kidole, kikatoka na mafuta safi. Alirudia upande wa pili wote bila haraka. Nilitamani kumpiga kofi au kumkumbatia.

"Nani alichomelea hii?" aliuliza hatimaye.

"Shemeji yangu. Kutu nilitoa mimi."

Akacheka kidogo, akaandika. "Mama, imepita."

Nilitoka na karatasi yangu nimeiinua juu, na ule mlio tunaoutoa kwenye harusi ukanitoka mbele ya foleni nzima ya madereva. Mnunuzi wa chakavu alikunja mnyororo wake. Mume wangu alisoma karatasi mara mbili, ya pili kwa miwani, akasema "Yampaye inka!" kama tunavyosema hapa mtu akishangaa, akafungua mlango wa abiria akaingia bila kualikwa. Mlango wangu wa dereva niliufunga kwa kidole kimoja.

"Unakwenda wapi na shati hilo?" nikamuuliza.

"Unakokwenda wewe."

Nikampandisha Bugeshi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na malori mawili yalikuwa yameegeshwa chini, madereva wake wanakunywa chai. Niliwapigia honi nikapita. Penye mawe makubwa mume wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuanza kusali kwa sauti. Jipu ilipanda gurudumu kwa gurudumu, haikulia hata kidogo, haikwenda upande, na usukani ulikaa sawa mikononi mwangu kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Nilimwangalia mtu wa ofisi akihema nikafurahi sana, Mungu anisamehe.

Juu, wanawake walitoka mashambani wakikimbia na majembe. Walizunguka gari, wakagonga chuma, wakaniuliza huyu bwana ni nani. Nikasema ni kibarua wangu wa leo. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akabeba. Aliangusha gunia la kwanza, la pili akalifikisha.

Tulikuwa tumejaza nusu simu yake ilipolia. Alikuwa na gunia begani, akaibana simu kwa sikio. Nilimtambua rafiki yake wa duka kwa sauti, maana mtu yule anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya ziwa. Alitaka kujua kaunta ile iwekewe mtu mwingine au mimi naanza Jumatatu.

Mume wangu hakunitazama. Alilisogeza gunia begani likae vizuri.

"Samahani sana, bwana," alisema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Tafuta mwingine. Mke wangu ana kazi."