Lundo la Makonyo Chini ya Dirisha

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kipupwe kikiingia naikumbuka zaidi. Masika yamekwisha, ardhi bado imelowa, asubuhi mtu anajifunika shuka hadi puani. Watu hudhani wadudu nao hujikunyata. Hawajikunyati hao. Wanatafuta pakavu penye joto, na hapo ni nyumbani kwako.

Nilikuwa na umri kama wako, hapa hapa Mgogoni, nimetoka arobaini ya mtoto wangu wa kwanza, ndiye huyu Khamis mumeo. Tulikuwa tukichambua karafuu. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki, niliyarundika ukutani chini ya dirisha la chumba changu, asije mtu akayazoa, maana nayo huuzwa. Uchoyo wa ujana. Mama mkwe wangu, Bi Time, alipita, akatia mkono ndani ya lundo.

"Lina joto hili, na chini bichi. Liondoe ukutani. Mna mtoto humo ndani."

"Kesho, mama," nikamwambia. Nikasema kesho siku tatu.

Siku ya nne, adhuhuri, nikaona mstari mweusi unatoka lundoni. Siafu. Bi Time alikuwa kisimani, na haya ikanishika kuliko hofu. Nilitaka akirudi asikute kitu. Nikachukua sufuria ya maji ya moto jikoni, nikayamwaga juu ya lundo, nikarudi kuchukua ya pili. Mtoto akaanza kulia ndani. Nikajisemea ana njaa tu huyu, wacha nimalize. Nikamwaga na ya pili.

Walionusurika hawakukimbilia shambani, mwanangu. Walipanda ukuta wakaingia dirishani.

Bi Time aliingia uani, akatua ndoo. "Hicho si kilio cha njaa," akasema, akanipita mbio. Nilipofika chumbani alikuwa ameshamvua mtoto nguo, anawang'oa siafu mmoja mmoja, masikioni, kwenye kope. Mimi nilijaribu, sikuweza kumshika hata mmoja. Kisha mtoto akanyamaza. Kile kimya kiliniogopesha kuliko kilio. Bi Time akamweka kifuani pangu, nikangoja, nikangoja, mpaka akavuta ziwa.

Ndipo aliponitazama. "Weye umenionea haya mie. Mtoto hukumwonea huruma."

Wala hakumwambia mtu.

Sasa nakwambia haya kwa sababu juzi nilipokuja kwenu huko Jadida kumwona mjukuu wangu, niliona makumbi ya nazi yameegemezwa ukutani, upande anaolala. Nyumba yenu ni ya matofali, najua, ina vigae. Siafu hajali vigae. Tangu nirudi sina raha.

Yaondoe leo, usingoje Khamis arudi kutoka kazini. Ziba ule ufa niliouona chini ya dirisha. Nyunyiza majivu makavu kuzunguka msingi, na mvua ikiyachukua nyunyiza tena. Miguu ya kitanda cha mtoto itie kwenye makopo ya maji, na neti isiguse sakafu, maana hiyo ni ngazi yao. Sukari ifunike, sisimizi nao wana njaa wakati huu. Na siafu wakishaingia, usipigane nao. Mchukue mtoto, toka, waache wapite, hawakai. Nyumba utaifagia baadaye. Ukimsikia analia, acha ulichoshika mkononi, kiwe chochote, uende.

Mumeo ana kovu nyuma ya sikio. Kila akiniuliza humwambia kazaliwa nalo. Akirudi leo mwambie wewe, mimi miaka yote hii nimeshindwa.

Mungu amkuze mwanao salama, aipe nyumba yenu amani, na akujaalie wepesi wa kusikia anapokuita.