Kiu ya Mwenyekiti wa Miti

Usiniambie ilikuwa njaa. Nilikuwa nimekula chapati mbili na ndengu nyumbani Makongeni kabla ya kutoka, jua lilikuwa la saa saba mchana, na macho yangu ni mazima. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, na yananichosha hadi leo.

Kanisa letu liko Murera. Kila mwaka mvua ikianza tunapanda miche ya mukima, ile miti ya mbao. Mgeni wa heshima anaalikwa, kila muumini anashika mche wake, tunaahidi mbele za Mungu kwamba tutaitunza, tunapigwa picha, tunaenda kula pilau. Basi. Hakuna anayerudi hata na kikombe cha maji. Mwaka unaofuata tunang'oa vijiti vilivyokauka na kupanda mingine kwenye mashimo yale yale! Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya miti, kwa hivyo kung'oa ni kazi yangu, siku moja kabla mgeni hajafika, asije akaona aibu yetu.

Jumamosi hiyo nikamkuta shosho mmoja, bibi kizee nisiyemjua, kitambaa cheupe kichwani kama akina mama wa kanisa letu, anamwagilia vile vijiti. Nilikasirika. Maji yenyewe ni ya shida, halafu mtu anayamwaga kwenye kuni?

"Shosho, hiyo miti ilikufa kitambo," nikamwambia. "Hiyo maji wachia watu."

Hakugeuka. "Wako ni gani?"

Niseme ukweli, sikukumbuka. Lakini mwenyekiti atasemaje hajui? Nikaupungia mkono uwanja mzima.

"Hii yote ni yangu. Mimi ndio chairman."

"Yote?"

"Yote, shosho."

"Haya. Nimekuachia."

Akaweka ndoo chini. Nikainama kuichukua, nikainuka, hayuko. Uwanja ni wazi na ua ni wa waya, angepitia wapi? Ndoo ilikuwa kavu. Mashimo yote yalikuwa makavu. Niligonga tangi la kanisa, nalo lilikuwa tupu. Hapo ndipo koo langu lilipokauka.

Niamini, haikuwa kiu ya kawaida. Nilikunywa jagi zima, nikanywa lingine, wapi! Daktari alipima sukari, hakuna kitu. Kesho yake tukapanda miche mipya, na mchungaji akanipaka mafuta akikemea pepo mpaka majirani wakachungulia. Pepo gani? Mwishowe mke wangu ndiye aliyechoka.

"Baba Mercy, si uende tu umwagilie hiyo miti?"

Nilimwagilia yote arobaini. Nilipofika wa mwisho, mate yakarudi mdomoni, nikakaa chini nikalia.

Tangu hapo nabeba maji kila baada ya siku mbili, peke yangu. Nikiruka hata mmoja, koo linajua. Wenzangu wananisifu kwamba nina moyo wa utumishi, halafu wanawasha magari wanaenda. Nimewasihi kila mtu aje amwagilie wake. Wanasema wataliombea hilo jambo.

Kwa hivyo wewe, ukialikwa kupanda mti, kataa kama huna nia ya kurudi. Ukishapanda, ujue wako ni upi, na ukiulizwa uonyeshe huo mmoja tu. Usijifanye mkubwa kama mimi. Kanisa sasa limepata shamba lingine Ruiru, miche mia mbili, na wamenichagua tena mwenyekiti bila hata kuniuliza. Mia mbili, jamani! Nami nimeshaanza kuhisi koo linakwaruza.