Jicho la Emerensiana

Masista wa misheni walimfundisha Emerensiana kudarizi, na hakukuwa na binti karibu na Njombe aliyeona tundu la sindano upesi kama yeye. Sifa hizo zilimfikia Bwana Lowe, mlowezi mzee mwenye shamba la miti ya miwati upande wa Makambako. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, naye alikuwa na darubini kubwa ya kupigia picha jua. Akamwajiri.

Picha zake zilitoka na kasoro: katikati madoa ya jua yalionekana vizuri, lakini pembeni yalivurugika, kwa sababu bamba la picha lilikuwa bapa na taswira ya darubini ilijikunja. Aliagiza lenzi ya kuinyoosha taswira hiyo. Lenzi hiyo ilitakiwa kukaa umbali kamili kutoka kwenye bamba, kwa hiyo alibadilisha pete za shaba nyuma yake, moja baada ya nyingine, na kila mara Emerensiana alichungulia kupitia kioo cheusi cha kupunguza mwanga na kusema kama pembeni pametulia.

Kioo kile kilikuwa cha darubini ndogo. Bwana Lowe alijua. Mpishi wake, Ezekia, alimsikia akimwambia mgeni kwamba vioo vya namna hiyo hupasuka kwa joto, ndiyo maana yeye hachungulii.

Adhuhuri moja Emerensiana alisema, "Bwana, kioo kina moto. Kinalia."

"Usiondoe jicho mpaka nikuambie."

Kikapasuka. Hakusikia maumivu yoyote, ila weupe uliojaa kichwa kizima. Kesho yake, akitazama kwa jicho la kulia, kila alichokikazia macho kilikuwa na shimo jeusi katikati. Uso wa mama yake ulikuwa masikio na nywele tu.

Kwa nje jicho lilikuwa zima, jeupe, zuri. Mganga wa zahanati alilifunua, akasema, "Huyu amechoka kazi." Masista wakaona mishono yake imepinda, wakampa kitambaa mtu mwingine. Tarsis, aliyekuwa amemchumbia, alikaa nao jioni moja, akanywa togwa, na hakurudi tena.

Miezi ikapita, Bwana Lowe akaleta habari: kioo kipya kimefika, arudi.

"Nenda," mama yake alisema. "Una jicho jingine."

Alikwenda, ingawa Ezekia alikuwa ameshamweleza aliyoyasikia kuhusu kioo cha kwanza, na mdogo wake Fidelia akamsindikiza. Bwana Lowe alikuwa ameshafunga kioo.

"Hiki ni cha darubini hii?" Emerensiana akauliza.

"Kitafaa."

"Basi tazama wewe kwanza, Bwana."

Mzee akacheka. Akamgeukia Fidelia, akamshika bega kwa upole. "Wewe unaona vizuri, siyo? Njoo."

Fidelia alifurahi kuitwa. Akainama. Emerensiana akamkamata nywele, akamvuta mpaka akaanguka chali, kisha akaisukuma darubini kwa mwili wake wote. Ikapinduka juu ya saruji, lenzi zote zikavunjika.

Alifungwa Njombe kwa uharibifu wa mali. Kwenye baraza la hukumu alieleza habari za jicho lake. Wazee wa baraza wakamwangalia, wakaona jicho zima, wakacheka.

Fidelia hakwenda kumwona gerezani hata mara moja. Emerensiana alipotoka, alimkuta mdogo wake akichambua maharage uani.

"Kamwene," Emerensiana alimsalimu.

Fidelia akaendelea kuchambua, akiokota vijiwe vidogo kabisa bila kukosea hata kimoja.

"Ilikuwa zamu yangu," akasema baadaye. "Angenipa kazi. Wewe ulikuwa umeshaharibikiwa, hukutaka mwenzio apate."

"Angekupofusha, Fidelia."

"Uliona kioo kikipasuka?"

Emerensiana akachukua kikapu chake cha nguo, akaenda kulala kwa shangazi yake, kijijini Kichiwa. Alizeekea huko akilima viazi, na Fidelia aliwaambia wanawe kwamba mama yao mkubwa ana wivu na wazimu, wasimkaribie.