Kalamu Nyekundu ya Kidato cha Pili

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinijia na zoezi la Kiingereza. Alitakiwa kupigia mstari vifungu visivyotimia kuwa sentensi. Alimaliza kabla chai haijapoa, akakimbilia kucheza, na mimi nikabaki na daftari mapajani na uchungu ambao nilidhani umekwisha. Ngoja nikusimulie wewe, maana watoto wangu sijawahi kuwaambia.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana pale Morogoro. Asubuhi ukungu wa milimani ulishuka mpaka kwenye madirisha ya bweni. Tulilima bustani ya shule, tukanywa uji usio na sukari, kisha tukaingia darasani na matope bado yako kwenye vidole vya miguu. Kipindi cha Kiingereza kiliangukia saa ya mapishi, na mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yaliyoungua namkumbuka mwalimu wetu akigonga ubao kwa chaki: "Nani? Kafanya nini?" Kifungu kisichojibu maswali hayo mawili kilipigwa duara jekundu.

Alikuwa na mikondo mitatu ya kusahihisha, basi kalamu nyekundu alimwachia mwanafunzi anayeongoza, amsaidie raundi ya kwanza. Insha iliyopata chini ya tano ilirudi kwa mwenyewe kuandikwa upya, mwalimu asiione. Aliyeongoza ni mimi. Sitakuficha, niliringa nayo kalamu ile, nikaichomeka kwenye mfuko wa blauzi hata siku ya kufua.

Niliyekaa naye dawati moja alitoka milimani, upande wa Matombo. Likizo iliyotangulia alikuta kwao patupu, familia imehamia kijiji kipya huko bondeni. Mwalimu alipotupa insha kuhusu nyumbani, akasema itakayoshinda itasomwa siku ya wazazi, mwenzangu aliandika ukurasa mmoja tu. Aliandika kwa Kiingereza, nami nakupa kwa Kiswahili kile kidogo nilichobaki nacho: "Mafiga matatu. Bado meusi. Hakuna chungu. Migomba yetu, imeinama." Iliendelea hivyo mpaka chini, isipokuwa katikati palikuwa na sentensi moja ndefu, iliyotimia, ya mama yake akifunga mlango wa nyumba ambamo hatalala mtu tena.

Niliisoma mara mbili. Nilijua ni nzuri kuliko yangu. Nikapiga maduara kumi na moja, nikampa nne kati ya kumi.

"We, hapo nimeacha makusudi," aliniambia, kwa ile lafudhi ya Kiluguru tuliyozoea kumcheka. "Hamna mtu pale. Sasa nitasema nani kafanya nini?"

"Kanuni ndiyo hiyo," nilimjibu.

Aliuchana ukurasa, na jioni, alipokuwa zamu ya jikoni, akauwashia moto. Kesho yake alileta insha nyingine, safi, haina kosa wala ladha.

Wiki ile ile mwalimu aliingia akasema sasa tumejua kujenga sentensi, tujifunze kuivunja. Alieleza kwamba anayeijua sentensi kamili anaweza kuiacha nusu kwa kukusudia, ili msomaji asimame pale pale. Kisha akauliza, "Yupo aliyejaribu?"

Mwenzangu aliinamia dawati. Ilikuwa zamu yangu kunyoosha mkono niseme, mwalimu, yupo, na mimi ndiye niliyemharibia. Ukurasa ulikuwa majivu, lakini mwandishi alikuwa ubavuni mwangu na angeweza kuuandika tena kabla ya kengele. Mkono haukunyanyuka. Niliogopa kunyang'anywa kalamu.

Siku ya wazazi ilisomwa yangu. Sentensi zote zilitimia, na leo siikumbuki hata moja. Mwenzangu hakurudi kidato cha tatu, na barua zangu mbili hazikujibiwa. Nasikia pale kwao pamerudi msitu, na mafiga nadhani yamefukiwa na majani. Ule ukurasa ndio mahali pekee ambapo nyumba ile ingebaki, na niliuondoa mimi, kwa wivu wa msichana wa miaka kumi na tano. Umri ule nimejitahidi kuusamehe, na mengi nimeyasamehe.

Lakini mama yake alikuja siku ile ya wazazi. Alikuwa amevaa khanga mpya, ana kikapu cha machungwa, na bintiye alikwisha kumwambia kwamba ameandika habari za kwao mlimani. Kiingereza hakukijua hata neno. Nilipomaliza kusoma alinipigia makofi kuliko wote, nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umesoma vizuri, hongera." Akaniwekea chungwa mkononi. "Na ya mwenzio wanaisoma saa ngapi?"

Nikamwambia zamu yake bado. Akarudi kuketi, akasubiri mpaka viti vilipoanza kubebwa kurudishwa darasani.